SOMO LA VIKUNDI: Tusiharakishe Kukata Kitovu



Tukikutana na kina mama wa Lodwar na Kakuma, swali hili hurudi: "Mbona siku hizi mkunga hospitalini anangoja kwanza kabla ya kukata kitovu? Anangoja nini?" Haya, tujifunze pamoja.

1. Kuna nini katika damu hiyo?

Chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120, halafu zinakufa. Mpya huzaliwa ndani ya uboho, ule tunaounyonya tukivunja mfupa wa mbuzi. Mama yao huitwa seli shina. Seli shina hujigawa ikawa mbili. Nyingine hubaki kuwa mbegu, nyingine huendelea mpaka kuwa damu. Damu ya kitovu ina mbegu hizi, pamoja na chembe nyekundu zenye madini ya chuma.

2. Mbegu lazima ishike udongo

Mtama uliopandwa kando ya Turkwel, maji yakija kabla haujashika mizizi, unachukuliwa. Seli shina nazo zina kama gundi kwenye ngozi yake, yaani molekuli za kushikamana, kwa mfano integrini. Kwa gundi hiyo zinajishika kwenye ukuta wa mshipa, zinaingia katika uboho na kutulia humo.

Mwaka 1988 huko Paris, Dk. Eliane Gluckman na wenzake walimtibu mtoto mwenye ugonjwa wa damu kwa damu ya kitovu cha dada yake mchanga. Lakini kitovu kimoja kina mbegu chache kwa mtu mzima. Basi wataalamu wakajaribu kuzikuza katika maabara. Ziliongezeka, ndiyo, ila waligundua kwamba seli iliyo katikati ya kujigawa, ikitiwa mwilini, mara nyingi inashindwa kushika makao katika uboho. Wingi peke yake hautoshi.

3. Na sisi tufanye nini?

Hapa kwetu hatuna maabara ya namna hiyo, lakini damu hiyo tunayo kila mtoto anapozaliwa. Ni mali yake. Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja dakika 1 hadi 3 kabla ya kufunga na kukata kitovu. Katika dakika hizo mtoto hupokea takriban mililita 80 hadi 100 kutoka kwenye kondo. Faida iliyothibitishwa ni akiba ya chuma, inayomkinga na upungufu wa damu katika miezi yake ya kwanza. Wakati wa ukame, mama akiwa hajala vizuri, akiba hiyo si kitu kidogo.

Kwa hiyo:
- Mama mjamzito aende kliniki mapema na ajifungulie kituo cha afya.
- Mtoto akaushwe, awekwe kifuani mwa mama na kufunikwa, huku kitovu kikingojewa.
- Mtoto asipopumua, kumsaidia kupumua ndiko kwanza. Mhudumu ataamua kuhusu kitovu.
- Kinachokata kitovu kiwe safi kabisa. Wembe uwe mpya.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika boma letu, nani hukata kitovu, na hukata lini?
2. Uchungu ukianza usiku, mama atafikaje kituoni? Kikundi kinaweza kuweka akiba ya usafiri?
3. Nani kati yetu atakaa na wakunga wa kienyeji awaeleze somo hili kwa Kiturkana?