Kusoma Theolojia ni Kusoma Nini?

Ndugu wanafunzi, mara nyingi mwaniuliza, "Mtu akienda kusoma theolojia, husoma nini hasa? Je, haitoshi kuwa na Biblia na kusali?" Swali hili ni jema, nami nataka kulijibu kwa kuwaeleza mambo yaliyonipata mimi mwenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Nyakiyumbu. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika, ukashuka kutoka milima ya Rwenzori na mawe makubwa, ukabomoa nyumba na kuua watu. Wakati ule nilikuwa nimekwisha maliza sekondari, nami nilijiona hodari wa kuhubiri. Nikaenda Kasese mazikoni, nikapewa nafasi ya kusema machache. Nikasema kwamba maji yale ni adhabu ya Mungu kwa dhambi za watu wa bondeni. Tulipokuwa tukitawanyika, mama mfiwa akanishika mkono, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mtoto wangu alikuwa na miaka minne. Alitenda dhambi gani?"

Sikuwa na neno la kumjibu. Nilirudi nyumbani na aibu yangu, na aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka chuoni.

Nilipanda basi kutoka Bwera mpaka Kampala, kisha Nairobi, nikavuka mpaka pale Namanga, nikafika Arusha. Chuo chenyewe ni Makumira, karibu na Usa River, chini ya Mlima Meru. Kilianzishwa na Walutheri mwaka 1947 huko Lwandai katika milima ya Usambara, kwa kuwafundisha wachungaji. Mwaka 1954 kikahamia Makumira. Leo ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na hufundisha hata sheria, ualimu na muziki. Wenzangu walicheka Kiswahili changu cha soko la Mpondwe, maana nilisema "mutu" badala ya "mtu". Lakini walinikaribisha kama ndugu.

Basi, tulisoma nini? Nitataja mambo matatu.

Kwanza, lugha. Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani, na Agano la Kale, karibu lote, kwa Kiebrania. Neno "theolojia" lenyewe latoka katika Kiyunani: "theos" ni Mungu, na "logos" ni neno. Katika Kiyunani neno "pneuma" laweza kuwa roho au upepo. Na neno la Kiebrania "ruach" ni vivyo hivyo. Tena neno letu "roho" lilitoka katika Kiarabu, nalo ni jamaa ya hilo la Kiebrania. Mtu akijua hayo husoma polepole, wala hafanyi haraka kusema, "Maana yake ni hii tu."

Pili, kuuliza nani anasema, na anamwambia nani. Hapa ndipo nilipokutana tena na yule mama. Tulisoma kitabu cha Ayubu, chenye sura 42. Rafiki zake walipofika walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walifanya vema. Kisha wakafungua vinywa, wakamwambia kwamba ameteswa kwa sababu ya dhambi zake. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao, anamsifu Ayubu aliyelia na kuuliza. Nilikuwa nimenukuu maneno ya watu waliokemewa na Mungu, nikayaita neno la Mungu! Tena katika Luka sura ya 13 twasoma juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Yesu anakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine, kisha anawaambia wasikilizaji wajiangalie wao wenyewe.

Tatu, historia ya kanisa. Martin Luther alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, ili hata mtu wa sokoni aweze kusoma. Mwaka 1539 aliandika kwamba mtu hufanywa mwanatheolojia kwa mambo matatu: kusali, kulitafakari Neno, na kujaribiwa. Hilo la tatu halifundishwi darasani. Mimi nililipata kaburini.

Mwezi wa Mei 2020 mito ya Kasese ilifurika tena, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani. Nilikwenda kwa wafiwa. Tulikuwa wachache, kwa ajili ya amri za ugonjwa wa korona. Safari hii sikuhubiri. Nilikaa chini pamoja nao, nikasaidia kuchimba, na nilipoombwa kusema nilisoma zaburi moja ya maombolezo. Mzee mmoja akaniambia, "Asante, mwanangu, hukutuongezea mzigo."

Yule mama wa kwanza sikumwona tena. Hata leo sina jibu la kumpa juu ya sababu ya kifo cha mtoto wake. Lakini najua jibu gani ni la uongo, na tena najua kwamba ningepaswa kumwomba radhi.

Basi, ndugu zangu, msidhani theolojia ni elimu ya kuwa na majibu mengi. Ni elimu ya kusoma kwa uangalifu, ili mtu asimsingizie Mungu mbele ya watu wenye huzuni. Na mazoezi yake mwaweza kuyaanza leo, hapo mlipo.

Maswali:
1. Rafiki za Ayubu walifanya vema wapi, na walikosa wapi?
2. Kwa nini yafaa kujua maneno yalisemwa na nani?
3. Wewe ungemwambia nini yule mama?