Baridi Haitakuulia Mdudu wa Ashi

Baridi ya Minnesota ikishafika pale ambapo kope zinaganda ukingoja basi, hutakosa jirani wa kukufariji: angalau safari hii wale wadudu wanaoua miti watakwisha. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanadanganya vizuri. Mwenye nyumba aliye na mti wa ashi uani akiyategemea, kuna kiangazi atajikuta na mti mkavu unaoinamia paa, na bili ya maelfu ya dola. Faida ya baridi ni nyingine. Kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Aprili mdudu haruki, majani hayapo, kila kitu kinaonekana. Hiyo ndiyo miezi ya kukagua, kuamua na kukata.

Mdudu mwenyewe ni mende mwembamba wa kijani kinachometameta, mwenye urefu wa sentimita moja na kidogo, na asili yake ni mashariki ya Asia. Aligunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002, na inaaminika aliingia Marekani ndani ya mbao za kufungashia mizigo. Mwaka 2009 akaonekana St. Paul, mwaka uliofuata Minneapolis. Anashambulia miti ya ashi, yaani jamii ya Fraxinus, na Minnesota inakadiriwa kuwa na miti hiyo karibu bilioni moja. Mitaa mingi ilipandwa ashi kuziba nafasi za miti ya elmu iliyouawa na ugonjwa uliotoka ng'ambo pia. Wakatoa aina moja, wakaweka aina nyingine moja. Waliokulia nyanda za juu za Kenya wanajua mambo haya: mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyua za misaipresi zilikauka kwa vidukari waliotoka nje vilevile.

Mende mzima hula majani kidogo tu. Wanaoua mti ni mabuu. Yai linataguliwa kwenye ufa wa gome, buu anatoboa kuingia, anaanza kula lile tabaka laini linaloshusha chakula kutoka kwenye majani hadi mizizini. Ukibandua gome la mti ulioathirika utaona mifereji yake, inapinda na kurudi kama barabara ya kupanda Lushoto. Mifereji ikishakuwa mingi, mti umekatwa koo ungali umesimama.

Sasa hiyo baridi. Wataalamu wa Shirika la Misitu la Marekani walitoa makadirio haya: ndani ya mti ikifika sifuri ya farenhaiti, yaani selsiasi 18 chini ya sifuri, wanaokufa ni wachache sana. Ikifika farenhaiti 20 chini ya sifuri, hufa kama wanne kwa kila watano. Ikifika 30 chini ya sifuri, karibu wote. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi farenhaiti 28 chini ya sifuri, na watu wengi wakaamini mambo yamekwisha. Hayakwisha. Kipimo kinachotangazwa redioni ni cha hewa, wakati buu amejikunja chini ya gome, mwilini amejaza glisaroli ya kumzuia asigande, na upande wa kusini wa shina unapata jua la mchana. Ule upepo unaokukata masikio yeye haumfikii kabisa. Halafu wanaobaki hai wanatosha, kwa kuwa jike mmoja hutaga makumi ya mayai. Baridi kali inaweza kukununulia mwaka mmoja au miwili ya nafuu. Usiitegemee zaidi ya hapo.

Anza kwa kuhakikisha kwamba mti wako ni ashi kweli. Wakati wa baridi tazama vijitawi: kwenye ashi vinaota viwili viwili, mkabala, kimoja kushoto na mwenzake kulia pale pale. Miti mingi haiko hivyo. Mepo nayo iko hivyo, ila vijitawi vyake ni vyembamba, na vya ashi ni vinene. Usihukumu kwa tawi moja, maana pacha huvunjika, angalia kadhaa. Gome la ashi mkubwa lina matuta yanayokutana na kuacha nafasi za umbo la almasi. Na kama mti ni jike, huenda bado umening'iniza vishada vya mbegu kavu, kila mbegu nyembamba kama kasia dogo.

Ukishajua ni ashi, tazama chini kabla ya kutazama juu. Juu ya theluji safi, chenga za gome zilizotawanyika kuzunguka shina ni habari mbaya. Kigong'ota ndiye mkaguzi bora uliye naye: anawafuata mabuu na kuparua gome la nje, na sehemu aliyopita inabaki na rangi ya manjano hafifu, tofauti kabisa na kijivu cha gome zima. Mara nyingi anaanzia juu, kwenye matawi makubwa, kwa hiyo rudi nyuma hatua kadhaa na uangalie huko, ukiwa na darubini kama unayo. Kisha sogea. Tundu la mende aliyetoka lina upana wa milimita tatu au nne, na umbo lake ni la herufi D: upande mmoja umenyooka, mwingine umepinda. Tundu la mviringo kamili ni la mdudu mwingine. Na ukikuta gome limepasuka kwa urefu, chungulia ndani. Mara nyingi ile mifereji inaonekana bila hata kisu.

Hapo sasa kuna uamuzi, na watu wengi wanauchelewesha mpaka unajiamua wenyewe. Ashi unaweza kutibiwa kama bado una matawi mengi mazima. Kanuni ya kawaida ni kwamba ukishapoteza zaidi ya asilimia 30 ya majani yake ya juu, dawa inaanza kuwa kamari. Ukipoteza nusu, usitupe pesa. Lakini majani ya Januari utayapata wapi? Fungua picha za simu za Julai, zile za sherehe ya mtoto uani. Nyuma ya keki na maputo utauona mti: je, anga lilikuwa linaonekana katikati yake? Kulikuwa na matawi matupu juu na machipukizi mengi ya ghafla chini kwenye shina? Hizo ni dalili za mti unaohangaika.

Dawa inayoaminika zaidi ni emamektini benzoeti, ambayo fundi mwenye leseni huidunga ndani ya shina mwishoni mwa masika, majani yakishafunguka. Hudumu miaka miwili, mara nyingine mitatu, kisha inarudiwa. Kuna nyingine, imidaklopridi, unayoweza kumwagia udongoni mwenyewe kila mwaka, lakini mimi siipendi: maua yaliyo karibu na shina huinyonya, nyuki wakafa. Kwa vyovyote weka miadi mapema, Februari au Machi, kwa sababu Mei mafundi hawapatikani. Jiulize pia kama mti unastahili. Ashi mkubwa unaokupa kivuli upande wa magharibi wa nyumba, tibu. Ule mwembamba uliobanwa kati ya gereji na waya za umeme, ukate.

Kabla ya yote, jua mti ni wa nani. Ule ulio kwenye ukanda wa nyasi kati ya njia ya miguu na barabara mara nyingi ni wa mji. Minneapolis, kwa mfano, miti ya barabarani inasimamiwa na bodi ya hifadhi za mji. Piga namba ya huduma za mji, 311, usiuguse. Ulio uani ni wako. Mji ukikuletea barua kwamba mti una mdudu na uondolewe kabla ya tarehe fulani, usiiweke kwenye droo pamoja na matangazo ya pizza. Muda ukipita, mji unaweza kuukata na kukuletea gharama, hata kupitia kodi ya nyumba. Piga simu na uulize kama kuna msaada wa malipo. Mpangaji naye amwandikie mwenye nyumba, si kumwambia mdomoni tu, na atunze nakala.

Ashi uliokufa hukauka na kuwa mwepesi kuvunjika haraka kuliko miti mingi, kiasi kwamba mafundi wazoefu hukataa kuupanda na hudai lifti au kreni. Ndiyo maana kungoja kunaongeza bei. Wakati wa baridi ardhi imeganda, mashine nzito hazichimbui nyasi, na kazi kwa mafundi ni chache, hivyo unaweza kupatana. Pata makadirio matatu kwa maandishi, yaseme wazi kama kisiki na kusomba matawi vimo. Omba kuona cheti cha bima, ya madhara na ya wafanyakazi. Mtu akianguka uani kwako bila bima, shida ni yako. Minneapolis na St. Paul wana leseni za kazi hii, uliza namba. Anayegonga mlango akiwa na chenso garini na kutaka pesa zote kwanza, mwambie asante, kwaheri. Na shemeji aliyewahi kukata miarobaini nyumbani, mpe chai, usimpe chenso. Kama fundi atapunguza na mialoni yako siku hiyo, ni wakati wake hasa: mwaloni ukikatwa kati ya Aprili na Julai unaweza kuambukizwa ugonjwa wa mnyauko.

Kuni ndipo watu wetu wanapokosea. Magogo ni mazuri, nyama choma inakuja, na kuna binamu Iowa au rafiki mwenye kibanda ziwani. Usimpelekee. Mabuu wanaendelea kukua ndani ya gogo lililokatwa, na ikifika Mei wanatoka wakiwa mende, mahali ambapo labda hawakuwahi kufika. Serikali kuu iliondoa karantini yake Januari 2021, lakini kanuni za majimbo zipo, na mdudu hasomi kanuni. Choma zote hapo hapo kabla Mei haijaingia, au mwambie fundi azisage ziwe chenga zisizozidi sentimita mbili na nusu.

Pengo likibaki, usipande mepo kwa sababu kila mtu ana mepo. Hakberi, mwaloni, mti wa kahawa wa Kentucky, elmu za kisasa zinazostahimili ugonjwa: tembea mtaani, hesabu kilichopo, kisha panda kisichokuwepo. Baadhi ya miji huuza miche kwa bei ya ruzuku na huanza kuandikisha kabla theluji haijayeyuka. Piga 811 kabla ya kuchimba, wakuwekee alama za mabomba ya gesi na nyaya. Huduma hiyo ni bure. Weka matandazo kuzunguka mche lakini yasiguse shina, mwagilia kiangazi chote, na kabla ya baridi ya kwanza zungushia wavu wa waya dhidi ya sungura. Wavu upite kina cha theluji kwa sentimita 50 au zaidi, maana Februari sungura hasimami ardhini, anasimama juu ya theluji.