Saa Moja na Yesu, Simu Mfukoni



Kijana mwenzangu, Alhamisi iliyopita nilienda kuabudu Ekaristi Takatifu. Nikapiga magoti, nikaanza kusali. Kabla hata sijamaliza Salamu Maria ya tano, mkono ulikuwa tayari mfukoni unatafuta simu. Hakuna aliyenipigia, wala simu haikutetemeka. Mkono ulienda wenyewe tu. Kwa kweli niliona aibu.

Gloria Mark, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amepima kwa miaka mingi muda ambao watu hukaa kwenye skrini moja kabla ya kurukia nyingine. Mwaka 2004 wastani ulikuwa dakika 2 na nusu hivi. Miaka ya karibuni umeshuka hadi sekunde 47 hivi. Sekunde 47 hazitoshi kusali tendo moja la Rozari!

Kwa nini inakuwa hivi? Zile video fupi hazina mwisho. Ukisukuma kidole, nyingine imekuja, na hujui kama itachekesha au la, basi unajaribu tena, kama mcheza kamari. Rozari ina mwisho, Misa ina baraka ya mwisho, ila video hazina "Amina". Akili ikishazoea hivyo, homilia ya dakika kumi inaonekana ndefu kama safari ya basi.

Lakini kishawishi chenyewe ni cha zamani. Karne ya 4, Evagrio, mmonaki wa jangwa la Misri, aliandika juu ya mmonaki anayechoka kusali, anachungulia dirishani kila mara kuona jua limefika wapi na kama kuna mtu anakuja. Sisi dirisha letu tunatembea nalo mfukoni.

Mtakatifu Carlo Acutis alipenda sana kompyuta na michezo ya video, lakini michezo aliiwekea kikomo cha saa moja kwa wiki. Misa alihudhuria kila siku. Teknolojia aliitumia, hakuiruhusu imtumie.

Wiki hii tujaribu mambo matatu:

1. Ukiamka, ishara ya msalaba kwanza, simu baadaye.
2. Ukienda Misa, zima simu kabisa au iache nyumbani. Masomo yafuate kwenye Biblia ya karatasi.
3. Kaa dakika tano kimya mbele ya Tabernakulo. Mawazo yakitoroka, usijikasirikie. Taja jina la Yesu, urudi taratibu. Wiki ijayo ongeza dakika.

Kule Getsemani, Yesu aliwaomba rafiki zake wakeshe naye saa moja tu, wakalala (Mt 26:40). Hata hivyo hakuwaacha. Nasi hatuachi.

Jiulize: leo nani amepata muda wangu mwingi zaidi?

Tusali: Bwana Yesu, wewe unaniangalia bila kuchoka. Nifundishe nami kukutazama. Amina.