Dirisha Lilikuwa Wazi Tayari

Soma: Danieli 6:1–10, Marko 1:32–35, Kutoka 16:13–21



Somo la leo liliniaibisha mimi mwenyewe kabla sijawafundisha ninyi.

Miaka kadhaa iliyopita mamangu alilazwa hospitalini. Usiku mmoja akaniambia, "Mwanangu, nisomee Neno." Nikamsomea Zaburi ya 23. Nilipomaliza akasema, "Endelea." Wapendwa, mimi ni mzee wa kanisa, lakini nilipekua kurasa mbele na nyuma nisijue nisome wapi. Biblia yangu ilikuwa inatoka kwa begi Jumapili na kurudi kwa begi Jumapili. Mama akaona. Akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Mgonjwa ndiye aliyeniombea mimi mzima!

Sasa mwangalie Danieli. Amri ya mfalme ilipotiwa sahihi, hakuanza kutafuta jinsi ya kuomba. Aliingia chumbani kwake, madirisha yakielekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyozoea. Simba hawakumfundisha kuomba. Walimkuta akiwa mwombaji. Shida ikija, utatumia kile ulichokuwa umejizoeza.

Basi tufanye nini?

1. Weka saa na mahali. Danieli alikuwa na chumba chake. Mimi nilichagua kiti cha jikoni, kabla ya chai ya asubuhi. Kama unatoka na matatu ya alfajiri, chukua dakika kumi za mapumziko kazini. Na usiseme uko bize sana: Yesu alihudumia wagonjwa jioni hadi mji mzima ukajaa mlangoni, na bado akaamka gizani kwenda kuomba. Simu nayo iache mbali. Mimi nikisomea kwa simu, dakika mbili tu niko WhatsApp.

2. Anza kidogo. Kila Januari nilikuwa naanza Mwanzo kwa moto, nikifika Walawi nimeacha. Safari hii nilianza na Marko, sura moja kwa siku. Ziko 16 tu. Kisha omba kutokana na ulichosoma: kuna dhambi ya kutubu? Kuna jambo la kushukuru? Kuna mtu wa kuombea? Hapo hutakosa maneno.

3. Ukianguka, rudi kesho. Hapa ndipo wengi tunakwama. Nikikosa siku tatu, nilikuwa naona aibu naacha kabisa. Lakini Israeli waliokota mana kila asubuhi, na ile waliyoiweka hadi kesho yake iliingia mabuu. Usijaribu kulipa sura zote za juzi kama deni la dukani. Fungua ya leo.

Mama alirudi nyumbani. Mwaka uliofuata alilazwa tena, na safari hiyo hakurudi. Lakini usiku aliponiambia, "Endelea," niliendelea mpaka akalala usingizi. Hiyo ni neema ninayomshukuru Mungu kwayo hadi leo.

Zoezi la wiki: Andika saa yako na mahali pako. Soma Marko 1 hadi 7. Mwambie mwenzako mmoja akuulize kila jioni kama umesoma.

Tuombe: Baba, tusamehe kwa kukutafuta siku ya shida pekee. Tupe njaa ya Neno lako kila siku. Katika jina la Yesu, Amina.