Barua za Mashine Pembeni, Barua za Watu Mbele

Mteja wa New York akikaa kuandika barua pepe saa tisa alasiri ya mwezi Julai, Moshi ni saa nne usiku na ofisi za utalii zimefungwa. Asubuhi mhudumu anafungua kompyuta na kukuta usiku mzima umemwagika kwenye kikasha: mgeni anauliza tofauti ya njia za mlima za Machame na Lemosho, benki imeleta taarifa ya muamala, shirika la ndege limebadili saa ya kutua uwanja wa KIA, duka la mahema linatangaza punguzo, na mgeni mwingine anataka jibu leo. Zote zimepangwa foleni moja, aliyetangulia na aliyechelewa, mwenye shida na mwenye tangazo.

Dawa ipo, nayo ni vichujio: maagizo unayoiachia huduma yako ya barua pepe, ili kila barua inayoingia ipangwe yenyewe. Lakini dawa hii ina kipimo chake, nami nilikijifunza vibaya.

Ofisi moja ndogo ninayoisaidia kazi za kompyuta iliniomba niipunguzie msongamano. Niliandika kichujio kimoja: barua yoyote yenye neno "Marangu" iondoke kikashani, iende kwenye lebo ya wageni wa njia ya Marangu. Baada ya wiki mbili tuliifungua lebo ile. Ndani mlikuwa na wageni, ndiyo, lakini pia tangazo la harambee ya kanisa, mwaliko wa kikao cha ukoo na barua ya fundi anayedai malipo. Marangu ni njia ya mlima, na pia ni nyumbani kwa watu. Katikati ya mchanganyiko huo kulikuwa na barua ya mgeni aliyesema baba yake anatumia dawa za moyo, akauliza kama siku tano zinatosha au waongeze ya sita wapumzike kwenye kambi ya Horombo. Barua ilikuwa na siku nne bila jibu. Tulimpigia simu palepale, na safari ilikuwa bado mbali. Lakini tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: kichujio kiondoe barua za mashine njiani, kisimfiche mtu hata mmoja.

Wenyeji wa Kilimanjaro wanalielewa hili kupitia kahawa. Kwenye kiwanda cha kukoboa, punje hupita kwenye chekeche: kubwa zinabaki juu na kuitwa AA, zinafuata A, kisha B, na zile za mviringo zinatengwa kuwa PB. Chekeche linajua ukubwa wa punje. Ladha halijui, kwa hiyo kuna waonjaji na vijiko vyao. Kichujio cha barua nacho kinaona alama tu: nani ametuma, neno gani limeandikwa. Uzito wa barua utaujua wewe ukiisoma.

1. Anza na karatasi

Chagua siku tulivu. Kwa ofisi za utalii, Aprili inafaa, mvua za masika zikiwa zimepunguza wapandaji. Chukua barua 50 za mwisho na uandike kila aliyetuma: ni mtu au ni mashine? Benki, risiti, tiketi za ndege, matangazo na taarifa za mitandao ya kijamii ni mashine. Mgeni, wakala wa nje, kiongozi wa msafara na mhasibu ni watu. Orodha ya mashine ndiyo kazi ya vichujio vyako.

2. Lebo chache

Lebo nne zinatosha: Pesa, Ndege, Matangazo, Wageni Mlimani. Ukifika kumi na tano hutazifungua, na lebo isiyofunguliwa ni sawa na barua iliyotupwa.

3. Tengeneza kichujio, lakini kijaribu kwanza

Kwa Gmail, tumia kompyuta, kwa sababu programu yake ya simu haina sehemu ya kutengeneza vichujio. Ukishakitengeneza, kitafanya kazi hata kwa barua unazosomea simuni.

Upande wa kulia wa kisanduku cha kutafutia kuna alama ya vistari vyenye vitufe. Ibonyeze, fomu itafunguka. Kwenye nafasi ya mtumaji andika anwani ya benki yako. Kabla ya kwenda mbele, bonyeza kitufe cha kutafuta. Gmail itakuonyesha barua zote za zamani ambazo kichujio hicho kingezinasa. Zipitie moja moja. Ukiona jina la mtu aliyekuandikia kwa mkono wake, rudi ukaze masharti. Jaribio hili ndilo nililoliruka kwenye kisa cha Marangu, na dakika mbili zingetosha.

Matokeo yakiwa safi, rudi kwenye fomu, chagua kuunda kichujio, weka tiki kwenye lebo unayotaka. Ukitaka kizipange na barua za zamani, weka tiki kwenye kisanduku cha mwisho.

Mambo mawili ya kushika hapa. Kwanza, amini anwani ya mtumaji kuliko maneno. Machame, Umbwe na Marangu ni maneno yatakayotokea kwenye barua za kila aina mjini Moshi. Anwani ya benki haitumiwi na shangazi. Pili, unaweza kuandika sehemu ya anwani inayoanzia kwenye alama ya @ ili unase kampuni nzima, lakini usifanye hivyo kwa huduma zinazotumiwa na kila mtu. Ukiandika gmail.com umewafungia wageni wengi nje ya mlango.

4. Wiki ya kwanza, weka lebo tu

Usikiruhusu kichujio kipya kiondoe barua kikashani mara moja. Kiweke lebo, barua ibaki mbele ya macho. Baada ya siku saba, kama hakuna mtu aliyenaswa kimakosa, kihariri uongeze agizo la kuruka kikasha. Agizo la kufuta usilitumie kabisa. Gmail huondoa vilivyomo kwenye pipa la taka baada ya siku 30, na risiti ya ada za hifadhi inaweza kutafutwa miezi sita baadaye.

5. Kichujio cha ulinzi

Vichujio havina kazi ya kuondoa tu. Mgeni akishalipa amana, tengeneza kichujio cha anwani yake: kiweke nyota, lebo ya Wageni Mlimani, na tiki ya kutopelekwa kwenye barua taka kamwe. Anwani za kundi zima, pamoja na za ndugu waliobaki nyumbani, unaweza kuziunganisha kwa neno OR, herufi kubwa, katikati yake. Familia iliyobaki Ulaya ikiuliza habari za ndugu yao aliye kwenye kambi ya Barafu au Kibo, barua itang'aa kwa nyota yake. Kundi likishashuka mlimani na kupewa vyeti, futa kichujio hicho.

6. Kwa wanaotumia Outlook

Huko vichujio huitwa kanuni, na mpangilio wake una maana: zinasomwa kuanzia juu kwenda chini. Weka ya wageni juu kabisa, na uiambie isitishe kanuni zinazofuata. Kwenye Gmail hakuna foleni hiyo. Kila kichujio kinacholingana na barua hufanya kazi yake, kwa hiyo hakikisha viwili havipingani.

7. Kagua orodha kila mwezi

Hili nalisisitiza kuliko yote, hasa kwa ofisi zinazopokea amana kutoka nje. Mwizi akipata nenosiri lako mara nyingi habadilishi kitu utakachokiona. Anaandika kichujio chake: barua yenye neno la malipo ihamishiwe kwake, au ifichwe usiione. Kisha anamwandikia mgeni wako kwa jina lako akimpa akaunti nyingine ya benki. Fungua mipangilio, soma orodha ya vichujio na sehemu ya kuhamishia barua. Usichokiandika wewe, kifute, badilisha nenosiri, washa uthibitishaji wa hatua mbili, na uwaarifu wageni wenye malipo yanayosubiri.

Ofisi ile sasa ina vichujio sita, vyote vya mashine isipokuwa kile cha wageni walio mlimani. Ijumaa jioni mhudumu anafungua lebo zote nne, anapitisha macho, kisha anafunga. Kikasha chake cha asubuhi hakina tena barua 60. Kina barua 11, na kila moja imeandikwa na mtu anayesubiri kujibiwa.