Watoto Wetu Wanaishi Kijiji Gani?

Mtoto hazaliwi na lugha, wala na adabu ya kuamkia wakubwa. Hayo huyapokea kwa watu wanaomzunguka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba mtu hafikii utu wake kamili isipokuwa kwa njia ya utamaduni. Wataalamu wa anthropolojia, yaani elimu ya watu na mila zao, wameliona jambo hilo kwa macho.

Tutoe mfano wa nchini kwetu. Kati ya mwaka 1934 na 1938, Godfrey Wilson na mkewe Monica walichunguza maisha ya Wanyakyusa wa Rungwe. Mwaka 1951 Monica alitoa kitabu juu ya vijiji vyao vya marika. Mvulana alipofikia umri wa miaka 10 hivi, aliacha kulala kwa baba yake, akajenga kibanda pamoja na wenzake wa rika. Hata hivyo waliendelea kulima mashamba ya baba zao na kula kwa mama zao, wakienda kwa makundi nyumba hata nyumba. Walipooa, waliwaleta wake zao papo hapo, kijiji kikawa chao.

Kwa nini? Baba mkwe na mke wa mwanawe walipaswa kuepukana kabisa. Makao yalitengwa kwa ajili ya heshima. Tena Wanyakyusa waliuthamini sana ukwangala, yaani furaha ya kukaa na wenzi wema kwa mazungumzo na kusaidiana. Katika kukaa huko, walisema, ndimo mtu apatamo hekima.

Uhaba wa ardhi na safari za kwenda migodini ziliudhoofisha mpango huo, wala hatusemi urudishwe. Lakini funzo lake lingalipo: vijana hulelewa na vijana wenzao. Leo nao wana vijiji vyao: bweni, kijiwe na simu ya mkononi. Bali kijana wa Rungwe alirudi kwenye shamba la baba na chungu cha mama, na mama aliwaona waliokula pamoja naye.

Enyi wazazi Wakristo, je, mwawajua rafiki za watoto wenu? Haitoshi kuwakataza walio wabaya. Hatuna budi kuwakaribisha walio wema mezani petu, na kuketi nao. Mtoto asiyepata mazungumzo nyumbani atayatafuta kwingine, naye atakayempa ndiye atakayemlea.