Amani ya Wafiwa na Haki ya Kusema

Kuzika wafu ni mojawapo ya matendo ya huruma tuliyofundishwa tangu katekisimu, na mzee Tobiti alihatarisha maisha yake kwa ajili ya tendo hilo. Basi huenda msomaji akashangaa kusikia kwamba nchini Marekani majaji wa Mahakama Kuu kabisa walikaa kuamua kama mtu aweza kusimama karibu na maziko, bango mkononi, akiwatukana wafiwa, bila kulipa fidia. Tena maziko yenyewe yalikuwa ya Kikatoliki. Twaeleza habari hiyo kwa sababu ndani yake mna swali gumu, ambalo Mkristo hana budi kulipima kwa akili, asitosheke na hasira tu.

Tarehe 10 Machi 2006, katika mji wa Westminster, jimbo la Maryland, ilisomwa Misa ya marehemu katika kanisa la Mtakatifu Yohane kwa ajili ya askari kijana aliyeuawa vitani Irak. Walifika pia watu saba kutoka Topeka, Kansas, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Kiongozi wao alikuwa Fred Phelps, mwanzilishi wa dhehebu dogo liitwalo Westboro Baptist Church, ambalo waumini wake wengi ni watu wa ukoo wake mwenyewe. Wale saba walikuwa yeye, binti zake wawili na wajukuu wanne. Mafundisho yao ni kwamba Mungu aichukia Marekani kwa kuwavumilia watu wenye kuishi ushoga, na kwamba vifo vya askari ni adhabu yake. Mabango yao yalimshukuru Mungu kwa askari waliokufa. Mengine yalimtukana Baba Mtakatifu na mapadre. Tuseme kweli: bango moja liligusa dhambi ya mapadre waliowaharibu watoto, jeraha ambalo Kanisa lenyewe limelikiri. Lakini baba aliyekuwa akimzika mwanawe hakuwa mtu wa kujibia jambo hilo siku ile.

Baba huyo alishtaki. Mwaka 2007 raia walioitwa kuamua kesi walimpa fidia ya karibu dola milioni 11, jaji akaipunguza hadi milioni 5, kisha mahakama ya rufani ikaifuta yote mwaka 2009, na kumwagiza mfiwa alipe gharama za rufani za hao waliomtukana, zaidi ya dola 16,000. Tarehe 2 Machi 2011 Mahakama Kuu iliunga mkono kufutwa kwa fidia, majaji wanane kwa mmoja.

Jaji Mkuu John Roberts alieleza sababu. Waandamanaji walisimama mahali pa umma, kama futi 1,000 kutoka kanisani, yaani meta 300 hivi. Walifuata maagizo ya polisi. Hawakupiga kelele wala hawakumgusa mtu. Na mabango yao, hata yakiwa ya kuchukiza, yalihusu mambo ya taifa zima. Baba aliona ncha za mabango tu. Maneno yake aliyajua jioni katika habari za televisheni. Aliyepinga ni Jaji Samuel Alito. Kwake yeye, mfiwa asiye kiongozi wala mtu maarufu hakustahili kupigwa hivyo wakati wa uchungu, na wale watu walikuwa na mahali pengi pengine pa kusemea. Roberts na Alito wote wawili ni Wakatoliki. Imani moja haikuwapa hukumu moja.

Wengi walielewa hukumu hiyo kana kwamba sheria haina nguvu yoyote mbele ya jeneza. Sivyo. Siku ya maziko yale Maryland haikuwa na sheria juu ya maandamano kwenye maziko, ilitungwa baadaye. Mwaka 2006 huo huo Bunge la Marekani lilikataza maandamano katika eneo la futi 300, yaani meta 91 hivi, karibu na makaburi ya askari yaliyo chini ya serikali kuu, kuanzia saa moja kabla ya maziko hadi saa moja baada yake. Mwaka 2012 saa hiyo ikafanywa kuwa mbili. Sheria ya namna hiyo ya Ohio ilikubaliwa na mahakama ya rufani mwaka 2008, na ya mji wa Manchester, Missouri, mwaka 2012. Ila sehemu ya sheria ya Ohio iliyotaka mpaka huo ufuatane na msafara wa jeneza barabarani ilikataliwa, kwa maana mpita njia hawezi kujua mpaka unaotembea uko wapi.

Hapa ndipo penye kiini. Sheria yaweza kupanga mahali, saa na namna ya kuandamana. Haiwezi kuchagua ni maneno gani yaruhusiwe. Mpaka uwe mfupi, ujulikane, uwahusu wote sawasawa, na mtu abakiwe na mahali pengine pa kusema.

Mkatoliki aweza kuuliza: kwa nini tuwahurumie watukanaji kiasi hicho? Hatuwahurumii wao. Massachusetts iliweka mpaka wa futi 35 kuzunguka milango ya nyumba zinazotoa mimba, na watu waliotaka kuzungumza kwa upole na akina mama wakazuiwa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliiondoa sheria hiyo kwa sauti moja. Mpaka tunaoushangilia penye maziko waweza kesho kutufukuza sisi na rozari zetu. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tamko la mwaka 1965 juu ya uhuru wa dini, ulifundisha kwamba uhuru huo una mipaka: haki za wengine, amani ya wote, na maadili. Sisi twaona saa mbili na meta 91 haziuvunji uhuru wa mtu yeyote, na kwamba Jaji Alito aliuona uchungu wa mfiwa vizuri zaidi. Lakini sheria iliyotungwa mapema, na kujulikana na wote, ni kinga bora kuliko fidia inayotegemea chuki ya wasikilizaji.

Phelps alifariki Machi 2014. Jamaa zake walisema hapatakuwa na ibada ya maziko. Wasomaji wetu wanaowaombea marehemu mwezi wa Novemba hawakatazwi kumtaja.